Kitone Chekundu cha Garaa

2 Oktoba

Daftari hili nimelikuta kwenye droo, halina hata ukurasa mmoja ulioandikwa, nikaona nisiliache lioze. Basi: mimi ni Wided, mchoraji wa ofisi ya kujikinga na mafuriko, manispaa ya Wadi Zit, ghorofa ya pili. Dirisha langu linaangalia mto ambao leo hauna maji ya kulowesha kwato za mbuzi.

Kazi ya msimu huu ni mchoro wa ving'ora. Mto ukipanda kule darajani juu, mtu wa chumba cha ulinzi atabonyeza kitufe, na ving'ora saba vitalia katika mitaa saba. Mimi nachora kila kisanduku na kila mstari, na mafundi watatandaza waya kama nilivyochora. Mtaa wa saba ni Garaa, bondeni kabisa, anakoishi Khalti Mbarka, mdogo wake marehemu mama yangu Hedia, aliyenilea. Kwa hiyo kazi hii si ya mshahara tu kwangu.

Nitaandika kila siku. Nimekuwa nikijidanganya hivyo tangu sekondari.

4 Oktoba

Watu hudhani kuchora ni kuchora. Nusu ya kazi ni kuiambia programu unapenda nini. Ina ukurasa mzima wa mapendeleo, na leo nimekaa nao asubuhi nzima. Mistari iende mshazari au ikunje kona? Ikikutana na kisanduku, ikizunguke au ipite nyuma yake? Miwili ikikatizana, mmoja uruke juu ya mwenzake kwa kilima kidogo, ili mtu ajue imepishana tu wala haijaungana? Inayoelekea njia moja iunganishwe iwe mmoja, au kila mmoja uende peke yake? Na mstari ambao ncha yake haijashika kitu, uwekewe kitone chekundu?

Nimejibu kama anavyojibu mtu mwoga: vilima viwepo, kila mstari peke yake, kitone kiwepo.

5 Oktoba

Lablabi mchana, ile supu ya dengu. Harissa, pilipili ya kusaga, ilinizidi, nikalia mbele za watu.

9 Oktoba

Mhandisi Slaheddine, mkuu wetu, alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha kahawa. Ni mtu wa kupendeza, sitakataa. Anavaa vizuri, anakumbuka majina ya watoto wa kila mtu, na akikusifu unatembea wiki nzima umenyoosha shingo.

"Bi Wided, hizi ni tambi," akasema.

"Ni waya, Mhandisi. Ziko nyingi."

"Tume ya mji mkuu haiji kula tambi. Nataka mchoro ambao mtu anaweza kuutundika ukutani sebuleni, mke wake asiulize."

Nikacheka. Kisha nikarudi kwenye mapendeleo nikaondoa vilima, nikairuhusu mistari inayoelekea njia moja iungane. Mchoro ukapumua. Saba zikawa kama shina moja na matawi yake. Nikasogeza na kisanduku cha Garaa kidogo kushoto, kilingane na mwenzake wa mtaa wa Souk. Nilijipenda sana leo.

10 Oktoba

Ami Laroussi, fundi wetu mkuu wa waya, amekuja kuuona mchoro. Ana miaka sitini na moja, anastaafu mwezi wa tatu, na husoma karatasi kwa kidole kama mtu anayetafuta mwiba.

"Juzi zilikuwa saba," akasema. "Leo nahesabu ngapi?"

"Ni zilezile, Ami. Zimeunganishwa kwa macho tu, zisijaze karatasi."

"Kwa macho ya nani? Mimi ndiye ninayepanda nguzo."

Nikamwambia karne imebadilika. Akasema nguzo hazijabadilika, akaondoka na karatasi yangu ikiwa na alama ya mafuta ya kidole chake katikati. Mzee huyu ananichosha.

16 Oktoba

Zimebaki siku tano kabla ya tume. Nilipochapisha karatasi kubwa, vitone vyekundu vilikuwa kumi na viwili. Ndivyo mchoro ulivyo ukiwa katikati ya kazi: unasogeza hiki, mstari wa kile unaachia. Unavishika kimoja kimoja mpaka viishe.

Mhandisi hakungoja. "Wekundu huu tume itautafsiri kuwa makosa," akasema. "Hakuna mahali pa kuuzima?"

Mahali papo. Ni mraba mdogo kwenye ukurasa wa mapendeleo, unaondoa alama ya tiki, basi. Nikamwambia afadhali nimalize kuvishika kwanza. Akasema zima sasa, shika baadaye, na uhifadhi mapendeleo haya yawe ya ofisi nzima, kila kompyuta, tuwe na sura moja.

Nikazima. Nilishashika vitano au sita. Vilivyobaki nilivitafuta kwa kumbukumbu, nikakuza mchoro, nikapita kona kwa kona. Naamini nimevimaliza.

21 Oktoba

Tume imekuja, imekula, imesifu. Mwanamama mmoja wa tume alipiga picha mchoro wangu kwa simu. Umetiwa fremu, umetundikwa kwenye korido karibu na mlango wa Mhandisi. Nilimpigia Khalti Mbarka kumwambia. Akauliza kama kuna mshahara juu yake. Nikamwambia kuna fremu.

28 Oktoba

Mvua ya kwanza. Nusu saa tu, lakini mto umebadilika rangi.

4 Novemba

Orodha ya waya imetoka. Programu huitoa yenyewe kutoka kwenye mchoro: mstari unaotoka kisanduku hadi kisanduku ni waya mmoja. Ami Laroussi alikuja nayo mkononi, koti linachuruzika.

"Nimepewa roli sita za waya. Mitaa ni saba. Garaa nawapelekea nini, salamu?"

Nilikuwa na simu sikioni. Nikautazama mchoro kwenye skrini: mstari wa Garaa unakwenda sambamba na wa Souk, unalifikia shina, unagusa.

"Ya Garaa inaungana na ya Souk," nikamwambia. "Si unaona?"

"Inaungana wapi? Kwenye nguzo gani? Nani anafunga?"

"Ami, watu wa nguzo watafunga. Naomba, nina simu."

Alitoa daftari lake dogo lenye kamba ya mpira, akaandika kitu taratibu, akaenda zake.

12 Novemba

Majaribio ya ving'ora, saa nne asubuhi, jua zuri. Mhandisi na wakubwa walisimama juu ya paa la manispaa. Kitufe kikabonyezwa, mji mzima ukalia. Kisha mitaa ikapigiwa simu mmoja mmoja. Souk: tumesikia. Stesheni: tumesikia. Mzee wa mtaa wa Garaa naye: tumesikia. Karatasi ya makabidhiano ikatiwa saini papo hapo, wakaenda kula mwanakondoo.

13 Novemba

Leo kutwa sikuwa na raha, na sasa nimejua kwa nini.

Jana baada ya kazi nilishuka Garaa. Khalti alikuwa anatandika magunia mbele ya mlango. Kinu cha zeituni kilicho nyuma ya nyumba yake kinaanza wiki ijayo na yeye huchambua majani humo kila msimu. Juu ya nguzo mpya, ng'ambo ya njia, king'ora kinang'aa, kimepakwa rangi ya machungwa.

"Umekisikia?" nikauliza.

"Nimesikia. Mbali."

"Mbali vipi? Si kile pale, hatua ishirini."

"Wee mtoto, nakwambia mbali. Kama harusi ya watu ambao hawajanialika."

Nikasema ni masikio yake. Tukacheka, tukanywa chai. Kinu kikianza kunguruma, Khalti huzungumza na wenzake kwa mikono mpaka Januari. Hilo nililijua maisha yangu yote, lakini jana ndipo liliponikaa akilini.

17 Novemba

Mvua. Kinu kimeanza.

18 Novemba

Mvua.

20 Novemba

Leo nitaandika polepole.

Kompyuta yangu ya zamani imekufa, wakaniletea mpya. Programu iliyowekwa humo ni kama ilivyotoka kwa walioitengeneza, haijui mapendeleo ya ofisi yetu. Nikafungua mchoro wa ving'ora kuona tu kama unafunguka.

Mistari ikaachana, kila mmoja ukarudi peke yake. Vilima vikachomoza kila kona. Tambi zilezile za Oktoba. Na chini kushoto, kando ya shina la Souk, kitone chekundu. Kimoja.

Nikakikuza. Mstari wa Garaa unatoka kwenye kisanduku chake vizuri, unakwenda, unakunja kona, unaishia milimita mbili kabla ya kitu chochote. Haujaungana na Souk. Haujaungana na chumba cha ulinzi. Siku ile niliposogeza kisanduku ili kilingane na mwenzake, mstari uliachia. Kisha nikaunganisha mistari kwa macho, nikaondoa vilima, nikazima vitone, na kila nilipoutazama niliona tawi. Orodha ya waya haikudanganyika kama mimi. Ilihesabu sita kwa sababu ziko sita.

Kile king'ora cha machungwa hakina waya. Khalti alisikia cha Souk.

21 Novemba

Nilimwonyesha Mhandisi. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, na nilidhani naona uso wa mtu anayeelewa.

"Kompyuta hii haijawekewa mapendeleo yetu," akasema. "Weka yetu, kitone kitaondoka."

"Kitone kitaondoka, Mhandisi. Waya hautakuja."

Akafunga mlango. Akanieleza bila kupandisha sauti. Makabidhiano yameshasainiwa. Mchoro ukifunguliwa upya, tume inarudi, mfumo mzima unarejeshwa kwenye majaribio, na ving'ora sita vinavyofanya kazi vinazimwa mpaka Februari. "Unataka mitaa sita ikae bila king'ora kwa ajili ya mmoja? Baada ya zeituni tutavuta waya kimyakimya. Garaa haijafurika tangu nilipozaliwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyechora, Bi Wided. Nawe pia nakulinda."

Maneno yale ya mwisho aliyasema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha mwavuli wako.

Nikarudi mezani, nikapakia mapendeleo ya ofisi. Kitone kikatoweka. Naandika hapa kwamba ni mimi niliyefanya hivyo, kwa mkono wangu, huku najua.

23 Novemba

Mvua. Nimepita koridoni macho chini, nisiione ile fremu.

24 Novemba

Nilimwambia Khalti aje akae kwangu mpaka Januari. Akauliza nani atachambua zeituni, mkuu wangu? Sikumwambia sababu.

26 Novemba

Mvua. Ami Laroussi alinisalimia kwenye ngazi, nikajifanya nasoma karatasi.

29 Novemba

Mto umefika kwenye jiwe la pili la daraja. Mhandisi amepita mezani kwangu na pipi za sherehe ya mwanawe. Nilikuwa nikimwona kama mtu asiyeogopa. Sasa namwona anatazama anga kila anapokatisha dirishani, kisha ananitazama mimi.

1 Desemba

Nimemwambia Ami Laroussi.

Nilimfuata karakana, nikasimama kati ya maboksi, nikayatoa yote bila kupumua: kisanduku, kitone, kompyuta mpya, siku kumi na moja nilizonyamaza. Nilingoja anitukane. Ingenisaidia.

Aliweka koleo chini. "Nilikuuliza inaungana wapi."

"Uliniuliza."

"Mimi nami nikaona nguzo haina waya, nikasema wengine watafunga, kwa kuwa bintiye Hedia kasema. Nimekuwa mzembe uzeeni." Akafuta mikono. "Toka manispaa hadi Garaa ni mita elfu moja mia nne. Kuna roli ya waya iliyobaki kwenye kazi ya stesheni. Nitaanza kesho."

"Mhandisi hajaruhusu."

"Mhandisi hapandi nguzo."

Mwezi wa kumi nilisema mzee huyu ananichosha. Imeandikwa juu pale, siifuti.

2 Desemba

Mvua kutwa. Ametandaza hadi nyuma ya msikiti, zaidi ya nusu. Nilimpelekea mkate na mayai. Alikula amesimama, mwavuli nimemshikia mimi.

3 Desemba

Saa tisa kasoro dakika kumi, alasiri. Nilikuwa katika chumba cha ulinzi kengele ya darajani ilipolia; kitufe kikabonyezwa, mji ukalia. Nilimpigia Khalti. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena, mara tisa. Najua simu hukaa mfukoni mwa aproni yake, na najua kinu.

Kwenye skrini ya chumba cha ulinzi ulikuwepo mchoro wangu. Visanduku saba, matawi saba, safi kabisa.

Nilikimbia. Pale msikitini maji yalikuwa magotini na watu walinishika mikono miwili. Siwezi kuandika zaidi leo. Khalti yuko hai, amelala chumbani kwangu.

5 Desemba

Khalti amezungumza, nami naandika kama alivyosema.

"Kinu kikanyamaza. Nikadhani umeme umekatika. Nageuka, namwona Laroussi mlangoni, mkono bado uko kwenye swichi, waya umemning'inia begani, analowa. Mwenye kinu akamfokea, nani kakuruhusu. Laroussi akasema: Sikilizeni. Basi, neno moja. Tukasikiliza. Ndipo tukakisikia cha Souk, kule mbali. Tukatoka, wanawake kumi na tisa na wanaume sita. Maji yalikuwa tayari njiani."

"Na yeye?"

"Alisema anakwenda kugonga kule kwenye nyumba za mwisho, za tanuri la matofali. Nilimwambia Laroussi, rudi. Akanipungia mkono bila kugeuka."

Nyumba za mwisho walitoka wote. Yeye wamemwokota leo asubuhi, kwenye uzio wa stesheni.

6 Desemba

Tumemzika.

8 Desemba

Koti lake kavu limebaki kwenye msumari wa karakana. Mkewe, Bi Saloua, aliniomba nimletee. Mfukoni mlikuwa na daftari lenye kamba ya mpira. Nilifungua tarehe nne Novemba. Mwandiko wa penseli, herufi kubwa:

*Garaa. Hakuna roli. Inaungana na ya Souk. Kasema Wided.*

Nilimpelekea Bi Saloua koti, nikamwonyesha ukurasa, nikamweleza maana yake. Alilifunga daftari, akalirudishia kamba ya mpira. Kisha akasema, "Lichukue. Lakini ulirudishe."

9 Desemba

Wachunguzi kutoka mji mkuu wanaingia kesho saa tatu. Wanataka mchoro, umechapishwa.

Mhandisi Slaheddine aliniita. Hajanyoa. Alinimiminia kahawa yeye mwenyewe.

"Bi Wided, ule mstari. Uvute milimita mbili ushike. Dakika moja. Mchoro uwe kamili kabla hawajauona."

"Ukishika, mchoro utasema Garaa ilikuwa na waya."

"Utasema tuliagiza waya."

"Na hakuna aliyeutandaza."

Akazungusha kikombe. "Fundi alikuwa mzee. Watu wataelewa. Wamempenda, wanamwita shujaa, hakuna atakayemchimbua. Hana cha kupoteza sasa."

"Ana mke."

"Nawe una kazi. Na jina lako liko chini ya mchoro, si langu." Akasimama kunifungulia mlango, kwa adabu, kama kawaida yake. "Asubuhi niukute mezani."

Nilikaa mbele ya skrini mpaka watu wakaanza kufunga madirisha. Niliushika ule mstari kwa kipanya. Naandika ukweli: niliushika. Ulikuwa mwepesi, programu yenyewe ilikuwa inauvuta uende, kisanduku kimeshawaka buluu kuupokea. Ningeachia kidole tu. Nilimfikiria Ami Laroussi akila mkate amesimama, na nikajiogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote.

Nikaurudisha ulipokuwa.

Kisha nikafungua ukurasa wa mapendeleo. Vilima, weka. Mistari, kila mmoja peke yake. Ncha zilizo wazi, onyesha. Hifadhi kwa ofisi nzima. Nikachapisha karatasi kubwa, nikaandika chini kwa kalamu tarehe ya kusogeza kisanduku, tarehe ya kuzima vitone na kwa amri ya nani, tarehe ya kukiona kile kilichobaki na kunyamaza, na jina langu lote. Daftari la Ami Laroussi nimelibana juu kwa kibanio, ukurasa ukiwa wazi. Sijaiacha mezani kwa Mhandisi. Nimekuja nayo nyumbani.

Khalti Mbarka alikuwa jikoni. Nikaitandaza juu ya meza, nikaweka chupa ya mafuta pembeni isijikunje. Mvua imeanza tena.

"Ndiyo ile waliyoitia fremu?" akauliza. "Mbona mbaya hivi?"

"Ndiyo hiyohiyo."

Akavuta kiti. Hajui kusoma michoro, lakini akaanza kufuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja, taratibu, kutoka manispaa kwenda chini. Wa Souk. Wa stesheni. Akafika kushoto, kidole kikasimama.

"Na hapa penye wekundu?"

"Hapo ni kwako, Khalti," nikamwambia.